Injini Iliyobebwa Mgongoni

Bagalwa aliiweka redio yake ndogo juu ya bati lililoegemea mawe mawili, kisha akalala chini ya bati hilo, akasikiliza. Wimbo ukafifia. Akajikokota hadi pembeni, nao ukamrudia, mwembamba na mkali. Majirani wa kambi ya Kibati walipita wakitikisa vichwa. Wacha watikise.

Kwa miaka ishirini alikuwa fundi wa injini kwenye uwanja wa ndege wa Goma. Vita vilipomtupa kambini, akawa sikio la watu wote. Ndege ikiwa bado nyuma ya vilima, alisema ni ya mizigo au ya mabomu, na wanawake wakajua kama washuke mashambani au wangoje. Injini alizozizoea zilining'inia chini ya mabawa na kupiga kelele mapema. Kisha ikaja ndege nyingine ya mabomu, injini yake imekaa mgongoni, imeshikana na mwili, na bawa likameza sauti. Asubuhi hiyo Bagalwa alikuwa amesema hakuna ndege. Mkewe, Pascasie, akashuka kuvuna maharagwe. Hakurudi.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza kitu.

Leo Kasoki, mjane wa hema la jirani, alisimama mbele yake na kikapu. Nyuma yake walikuwapo wanawake wanne.

"Papa Bagalwa, maharagi iko naoza na batoto banalala njaa. Tunaenda. Unasema nini?"

"Mukiwa chini ya ile ndege hamutaisikia. Bawa inafunika sauti. Lakini kwa kando inatoka. Nitaikala kule juu ya mawe ya volkano. Nikipiga sufuria, mulale."

"Na ukikosea tena?"

"Basi usinisamehe, mama."

Kasoki akajitwika kikapu, akawaongoza wenzake bondeni.

Jua lilikuwa limepanda Bagalwa aliposikia mluzi mwembamba, ule ule wa pembeni ya bati. Aliipiga sufuria ya Pascasie kwa mwiko hadi ikabonyea. Huko chini wanawake walizama katika maharagwe. Ndege ikapita juu ya shamba, ikaelekea Rutshuru bila kuangusha kitu.

Kasoki aliinuka wa kwanza, akapunga kitenge. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, hadi wakatimia watano.

Bagalwa hakupunga mkono. Mwiko ulikuwa bado hewani, na macho yake yalikuwa kwenye mstari wa mwisho wa maharagwe, akingoja wa sita ainuke.