Kokwa Iliyozidi

Kwa Bi Zeina watu hawakuhesabiwa. Hesabu mbuzi, hesabu vikombe, hesabu magunia ya mchele mpaka ulimi ukauke. Lakini mtu anayekwenda majini ukimtaja kwa idadi umeshampunguza. Maji yana masikio, alisema bibi huyo, na yakisikia mko kumi na wanne yatauliza kwa nini msirudi kumi na watatu.

Ndiyo maana nyumba ya mwanawe Ubeid, muuza kahawa na viungo wa Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, ilikuwa na kopo la samli lisilowekwa samli. Siku ya kwenda majini kila mmoja alitumbukiza humo kokwa moja ya tende, na jioni, kabla ya kupanda gari, kila mmoja alichukua moja. Kopo likiwa tupu, wote wapo. Kokwa ikibaki, mtu amebaki. Idadi haikutajwa, na maji hayakuambulia kitu.

Mbaruk, mtoto wa Ubeid aliyemaliza darasa la kumi na mbili akarudi nyumbani na cheti kimoja na maneno elfu, aliliita kopo hilo Idara ya Sensa. Mwaka uliopita, walipokwenda Msasani, alitia kokwa ya ziada kwa mzaha. Jioni ikabaki moja koponi. Ukoo mzima ulitawanyika ufukweni ukiita majina, Ubeid akakimbia juu ya mwamba bila viatu mpaka unyayo ukachanika, na Mbaruk alipofungua mdomo aseme, kicheko kilimbana asiweze. Usiku ule baba yake alisema mara moja tu, tena kwa sauti ya chini.

"Ukiligusa tena kopo la mama yangu, utakwenda Kilwa kwa ami yako. Utapima mafuta ya taa mpaka uote mvi."

Mwaka huu Mbaruk alikuwa na barua ya kazi ya ukarani bandarini, aanze mwezi Julai. Aliikunja akaibana chini ya godoro, na kila siku aliinua godoro kuona kama bado ipo. Kilwa hakuitaka.

Kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya futari, safari ya Idi Pili ilianza kupangwa ukumbini. Nyumba zilikuwa mbili, ya Ubeid na ya dada zake. Lori lingekuwa la kukodi, la Harilal. Mahali pangekuwa Bwawa la Kokoto, mbele ya Buguruni, shimo la machimbo ya zamani lililojaa maji ya mvua, ambako mzee Onesphory, aliyekuwa nyapara wa machimbo hayo, alikuwa ameinamisha mabati ya paa kutoka juu ya jukwaa mpaka majini, yakawa mserereko. Ukipanda ngazi, akakumwagia maji ya sabuni, ulishuka kama embe bivu.

"Na Lalita aje," alisema Hamdiya. Huyu mdogo wake Mbaruk alikuwa na miaka tisa, na Lalita, binti wa Mansukhlal muuza vitambaa wa duka la ng'ambo ya barabara, alikuwa kama pacha wake.

"Nimemuuliza Mansukhbhai," alijibu Ubeid. "Amekataa. Kwa masika haya, amesema, hata mtaro wa mbele ya duka lake haumwamini."

Hamdiya alinyamaza. Mtoto aliyebishana hata na paka alinyamaza, na Mbaruk, ambaye kila kitu kwake kilikuwa bishara ya mzaha, hakuona bishara hiyo.

Ili kujua mikate ya kupika, Bi Zeina alimpa Hamdiya kopo alizungushe. Kila mtu akatia kokwa yake. Kisha bibi akazimwaga kwenye sinia, akaweka kaimati moja mbele ya kila kokwa na kumpa kila mtu yake. Mikono yote ikajaa. Kwenye sinia ikabaki kaimati moja, na mbele yake kokwa moja.

Vichwa vyote viligeuka upande mmoja.

"Mimi simo," alisema Mbaruk.

"Mume wangu," alisema Bi Zeina, kwa maana ndivyo alivyomtania tangu akiwa mchanga, "mkono wako una kazi nyingi."

"Bibi, wallahi si mimi. Labda Idara imeajiri mtu mpya."

Shangazi zake walicheka. Ubeid hakucheka. Aliichukua ile kaimati, akaitazama, akairudisha kwenye sinia bila kuila.

Kesho yake Mbaruk alitumwa kwenda kulitazama bwawa. Alikwenda kwa baiskeli, akarudi na tope mpaka magotini. Bwawa lilikuwa kubwa kuliko alivyolikumbuka, kijani, na kimya kwa namna isiyopendeza, kama mtu anayekusikiliza akiwa amefumba macho. Kamba nene ilipita katikati yake, imeelea juu ya mapipa matupu.

"Upande huu wa mserereko mguu unagusa," alimwambia Onesphory. "Mpaka ni vile vigingi vyeupe. Ng'ambo ya kamba tulichimba wenyewe, bwana mdogo, na sikumbuki tuliishia wapi."

"Vigingi vipi? Mbona sivioni?"

"Mvua. Vitajitokeza kabla ya Idi."

Nyumbani walipomuuliza, alisema maji yamejaa mpaka yameanza kuwa na adabu. Wakacheka. Habari ya vigingi alitaka kuisema baada ya kicheko, lakini kicheko kilimnogea, na mazungumzo yakahamia kwenye pilau.

Siku mbili kabla ya Idi, kopo likazungushwa tena, maana shangazi mmoja alisema mikate ya mara ya kwanza haikuwa na hakika. Mbaruk alikaa juu ya mikono yake, kila mtu amwone, mpaka zamu yake ilipofika. Alitia kokwa yake kwa vidole viwili kama mtu anayetia sindano uzi. Bi Zeina akamwaga, akapanga.

Ikazidi moja.

Safari hii hata shangazi zake hawakucheka. Bi Zeina aliiokota ile kokwa akaizungusha kiganjani muda mrefu. "Yupo mtu anakwenda nasi," alisema taratibu, "na sisi hatumjui."

"Yupo mtu anakwenda Kilwa," alisema Ubeid. "Mbaruk, sikiliza. Jioni ya Idi Pili kokwa ikibaki koponi, sitatafuta mtu. Nitafunga mizigo yako."

"Baba, nimekaa juu ya mikono."

"Mwaka jana ulikaa juu ya mchanga ukicheka. Mguu wangu bado unakumbuka."

Ndivyo ulivyo utani: unaula leo, kesho nao unakula wewe. Mbaruk alilala akiwapitisha wote kichwani, mmoja mmoja, akimtafuta aliyemfanyia hila. Alimshuku kila mtu mzima. Hamdiya hakumfikiria kabisa, kwa kuwa yeye alikuwa mshika kopo tu.

Asubuhi ya Idi Pili lori lilisimama kwenye kona, kukiwa na ukungu. Watoto walishapanda na nguo zao mpya. Mikeka na sufuria zilirundikwa mbele, nyuma ya kibanda cha dereva, na turubai likafunikwa juu. Hamdiya alizungusha kopo, akamkabidhi bibi yake, na bibi akampa Mbaruk alishike wakati akisaidiwa kupanda mbele.

Hapo Mbaruk alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, hata katika mizaha yake. Aliwahesabu watu. Kwa midomo tu, bila sauti, wa nyuma na wa mbele, pamoja na yeye mwenyewe. Kumi na wanne. Kisha akachungulia koponi, akazisukuma kokwa kwa kidole. Kumi na tano.

Alimwona kichwani ami yake wa Kilwa na pipa la mafuta ya taa. Akachukua kokwa moja, akaitia mfukoni. Sasa hesabu ilikaa sawa, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi alipumua mpaka tumboni.

Bwawani walikuta familia nyingine zimeshafika. Watoto wa watu walichanganyika kwenye ngazi, wote wamelowa, wote wamepakwa tope, nani wa nani hujui. Vigingi vyeupe havikujitokeza. Mbaruk alivitafuta kwa macho mara mbili, akajiambia vimezama kidogo tu, kisha akaitwa kukata nyama.

Saa kumi na moja jioni wingu liliinuka upande wa Pugu, jeusi kama chungu. Familia nyingine zilikwisha kuondoka. Onesphory alikuwa akikusanya ndoo zake, akiwahimiza. Watu walipanga mstari nyuma ya lori. Hamdiya alikuwa wa kwanza, akachukua kokwa yake akapanda, wengine wakafuata. Wa mwisho alikuwa Mbaruk. Alipochukua yake, Bi Zeina aliligeuza kopo juu chini, akaligonga kitakoni. Halikutoa kitu.

"Alhamdulillahi," alisema. Na kwa Mbaruk, akitabasamu: "Umepona, mume wangu."

Lori likaondoka. Mvua ilianza kudondoka, matone makubwa yenye nafasi kati yao. Mbaruk alikaa karibu na mikeka, mkono mfukoni, akiichezea ile kokwa ya asubuhi. Kando yake Hamdiya alikata kipande cha mkate, akakipenyeza nyuma ya mikeka chini ya turubai. Akangoja. Akakisukuma tena kwa kidole.

"Unamlisha nani?" aliuliza Mbaruk. "Panya wa Harilal?"

"Sema polepole, kaka. Usimwambie baba." Macho yake yalimeremeta kwa furaha ya siri. "Ni Lalita. Alikuja nasi. Amemwambia baba yake anashinda kwa shangazi yake Bharti. Mimi nilikuwa namtilia kokwa tangu mwanzo."

Mbaruk alisikia mvua juu ya turubai, kila tone peke yake.

"Nani kakwambia yumo humo sasa?"

"Tulipatana achukue kokwa yake kwa siri kabla ya mstari, ajifiche tena, asitoke mpaka Kariakoo." Hamdiya alimshangaa. "Na kopo si lilikuwa tupu?"

Mbaruk aling'oa mikeka. Nyuma yake palikuwa na sufuria ya pilau, na juu ya kifuniko gauni kavu la mtoto, limekunjwa vizuri, likimngoja mwenyewe.

Mbaruk aligonga kibanda cha dereva kwa ngumi zote mbili. Lori likasimama. Ubeid akatoa kichwa.

"Baba, tumemwacha mtu."

"Mbaruk."

"Tumemwacha Lalita bwawani."

"Lalita yuko kwao. Kopo lilikuwa tupu, nimeliona kwa macho yangu." Ubeid alisema hivyo kwa uchovu, bila hasira, na huo uchovu ndio uliomtisha Mbaruk. "Twende, dereva."

Gari likanguruma. Mbaruk aliruka chini, akazunguka, akasimama mbele ya taa, mkono umenyooka. Kiganjani palikuwa na kokwa.

"Hii niliitoa asubuhi," alisema. "Nilidhani imezidi. Ilikuwa yake."

Mlango ulifunguka. Bi Zeina hakushuka. Aliitazama kokwa, kisha akamtazama mjukuu wake, na safari hii hakumwita mume.

"Mbaruk. Ulituhesabu?"

"Ndiyo, bibi."

"Wangapi?"

Katika maisha yake yote Mbaruk hakuwahi kulisikia swali hilo kinywani mwa bibi yake.

"Kumi na wanne. Kokwa zilikuwa kumi na tano."

"Geuza gari," alisema Bi Zeina.

Onesphory alikuwa akifunga geti kwa waya. Ngazi ya mserereko alikuwa ameshailaza chini. Waliita, na mvua ikawarudishia sauti zao wenyewe. Bwawa lilikuwa limetulia vilevile, limefumba macho. Mbaruk aliifuata kamba kwa macho, pipa baada ya pipa. Yote yalielea sawa isipokuwa moja, karibu na katikati, lililoinama kwa upande mmoja.

Kuogelea kwake kulikuwa kwa mdomo zaidi kuliko kwa mikono. Aliishika kamba akaingia, na baada ya hatua sita ardhi ikamtoka miguuni, pale pale ambapo Onesphory alisema mguu unagusa. Akajivuta. Lalita alikuwa amelikumbatia lile pipa, maji yamefika kidevuni, midomo imefunguka lakini haina sauti tena. Sauti aliimaliza wakati wao wakipanga mstari na lori likinguruma. Alikuwa ameshuka mserereko mara moja ya mwisho, peke yake, kabla ya kwenda kujificha. Ilibidi Mbaruk aviinue vidole vyake kutoka kwenye kamba kimoja kimoja.

Njia nzima ya kurudi Ubeid hakuitaja Kilwa. Mbaruk angependa aitaje.

Mtaa wa Mchikichi wanywaji kahawa walikuwa wamekaa barazani kwa Ubeid, wamejikunyata kwa mvua. Ng'ambo, Mansukhlal alisimama mlangoni, duka nusu wazi, mwavuli umelowa mkononi. Alikuwa ametoka kwa Bharti sasa hivi. Mbaruk alivuka barabara na mtoto aliyefunikwa kanga ya bibi, Hamdiya akimfuata nyuma na gauni kavu mikononi. Wanywaji kahawa walimwona, wakaanza kusukumana viwiko, maana Mbaruk akibeba kitu lazima kuna kisa.

Mansukhlal alitazama kanga, akatazama mkono mdogo uliochomoza. Midomo yake ilijaribu kutabasamu ikashindwa.

"Mbaruk," alisema, "sema ni mchezo."

"Si mchezo, mzee. Anapumua, ila ana baridi. Nipe blanketi kwanza, halafu nitakueleza nilichofanya."

Barazani mtu mmoja alicheka, akidhani mzaha ndio umeanza.