Sura ya Mwisho Sikusomei

Kwangu hakuna mteja anayetoka na gauni tu. Mimi ni fundi cherehani, chumba changu cha mbele ndicho duka, na kando ya kioo cha kujipimia kuna rafu ya riwaya ninazozipenda: mapenzi ya enzi za mababu, watu wanaomcha Mungu, barua zinazokaa miezi njiani, na msichana ambaye hajui aolewe na yupi. Bibi harusi nampa kitabu cha mjane, akajue ndoa ina nini. Asiyependa kusoma nampa chembamba, na nguo yake haiwi tayari mpaka afike katikati. Wananinung'unikia, halafu wanarudi kuulizia kingine.

Aliyenishinda kwa muda mrefu ni mama mkwe wangu. Anakaa nasi tangu baba mkwe afariki. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na hata nyumbani anataka wote tuimbe anavyotaka yeye. "Mapenzi na Yesu kitabu kimoja?" aliniuliza. "Wewe mtoto una vituko." Lakini macho yake yalipoingia ukungu, hata Biblia ya herufi kubwa ikamshinda. Nikamwambia nimsomee sura moja tu, akiona upuuzi aniambie ninyamaze. Hakuniambia ninyamaze.

Kitabu kilikuwa kipya hata kwangu. Kilihusu muuguzi wa hospitali ya misheni, zamani za vita, na seremala anayejenga madhabahu. Seremala akachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akapotea, na muuguzi akachumbiwa na karani. Mama mkwe alimchukia yule karani kama aliyemwibia kuku. Jioni nikifunika cherehani namkuta ameshakaa kwenye kiti chake, ananisubiri.

Shida ilikuwa moja. Seremala na muuguzi walikuwa wanabusiana. Si sana, ni watu wa kanisa, lakini wanabusiana, na mimi ninayemsomea mama ni mke wa mwanawe. Kinywa kiligoma. Kila nikiona busu linakuja naliruka na kusema, "Hapo wakasali pamoja." Yeye anaitikia, "Vizuri," tunasonga mbele.

Daktari alikuwa ameshasema: mtoto wa jicho, na jicho la kulia limekomaa, lipasuliwe. Akizidi kuchelewa linaweza kupotea. Mama mkwe akasema atafikiria, na kila nikimkumbusha ndiyo kwanza anafikiria. Mume wangu naye, mama akikunja uso tu, ananywea. Halafu asubuhi moja akamimina maji ya moto nje ya kikombe, yakamuunguza mkono. Nilimpaka dawa. Nikaamua kwamba mwanamke huyu hatapofuka nyumbani kwangu nikiwa na akili zangu timamu.

Jioni ile tulifika penyewe. Muuguzi amesimama madhabahuni na karani wake, mchungaji anauliza kama kuna mwenye pingamizi, na mlango wa kanisa ukafunguliwa. Nikafunga kitabu.

"Endelea," akasema mama mkwe.

"Sura ya mwisho sikusomei. Utaisoma mwenyewe, jicho likishapasuliwa."

Akacheka. Aliposikia sicheki, akaacha. "Unanitania."

"Hapana, mama. Na mimi siisomi. Tutakaa hivi hivi, wote wawili tusijue."

Kesho yake akamtuma mwanawe akitafute. Nilikuwa nimekifungia kwenye droo ya cherehani, ufunguo nauvaa shingoni kwa uzi. "Mpe tu mama kitabu chake, yaishe," mume wangu akaniambia. Nikamuuliza, siku mama akikosea ngazi, ni yeye atakayekuwa pale chini kumdaka? Akaenda kuoga. Mama mkwe akanuna. Chakula anakula, salamu anaitikia, mazungumzo hamna. Na mimi kile kitabu kilinitesa. Nakata kitambaa nawaza ni nani kaingia mlangoni, hadi nikaharibu mkono wa gauni la watu.

Siku moja akaja mwenyewe dukani, anapapasa ukuta mpaka kwenye kiti cha wateja.

"Mwanangu, naogopa," akasema. "Sasa hivi bado nakiona kivuli chako. Nikilala mle kwenye chumba cha upasuaji, nikaamka hata kivuli hakuna?"

Nusura nifungue droo nimsomee yote. Nikaacha kazi, nikachuchumaa mbele yake, nikaushika ule mkono ulioungua.

"Kivuli hakinitoshi, mama. Nataka unione mimi. Nimenenepa, na humu ndani hakuna wa kuniambia ukweli."

Akanipapasa mashavu. "Utakwenda nami?"

"Mpaka watakaponifungia mlango."

"Basi twende. Lakini kama huyo seremala amekufa, mimi na wewe tutakosana."

Tulienda hospitali. Walinifungia mlango kweli, nikabaki kwenye benchi naomba mpaka waliokaa karibu wakasogea. Kesho yake muuguzi wa zamu akambandua bandeji. Mama mkwe akapepesa, akatazama dirisha, akatazama mkono wake, kisha akanitazama mimi, juu mpaka chini.

"Kweli umenenepa," akasema. Nikalia pale pale.

Alipopata miwani na ruhusa ya kusoma, nikampa ufunguo. Nilitegemea ataanza na sura ya mwisho, nami nikae kando nisikie. Hapana, akafungua mwanzo kabisa. Nikajifanya nina kazi nyingi. Kurasa zikawa zinageuzwa taratibu, halafu zikaacha kugeuzwa.

"Fundi," akaniita. Hajawahi kuniita Fundi. "Hapa kwenye karakana. Ulisema wamesali."

Nikaendelea kukanyaga cherehani.

"Na hapa kisimani. Na hapa nyuma ya kanisa, Mungu anawaona. Na mimi nilivyokuwa nawasifu kwa maombi."

"Mama, ningesomaje mbele yako?"

"Kwani mume wako unadhani nilimwokota?"

Alisoma mpaka mwisho, siku ya pili yake. Akafunga kitabu, akavua miwani, akaifuta.

"Ni nani aliyeingia mlangoni?" nikauliza. Sikuweza kuvumilia tena.

Akakirudisha kitabu mapajani mwangu, lakini vidole vyake vimeibana sura ya mwisho. "Hii hupati. Kwanza utanisomea vipande ulivyoviruka, kimoja kimoja, kwa sauti."

"Si umeshasoma mwenyewe?"

"Nimesoma. Sasa nataka kukuona ukisoma."

Nikaanza na karakana. Uso uliniwaka, nikajikwaa kila neno, na mama mkwe wangu akavuta kiti karibu, akanitazama usoni kwa macho yake, hakupepesa.