Sahani Juu ya Sahani

Selipher Kageha alikuwa mwaka wa pili Riyadh, nyumbani kwa bosi Nabil, wakati mama yake bosi alipoanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Mama huyo aliishi peke yake Jeddah, mtaa wa Al-Safa, na alikataa katakata kuhamishwa. Basi Selipher akaambiwa afungashe. Naftali, dereva kutoka Taita, alimpeleka kwa gari, na njia nzima alimwambia kwamba amebahatika: nyumba tulivu, mzee mmoja, watoto mafi, hakuna hata mmoja.

Kweli nyumba ilikuwa tulivu. Riyadh jina lake lilikuwa likiitwa kutoka kila chumba mpaka akalichukia. Al-Safa siku ilipita nzima, mgonjwa amelala, bila mtu kulitaja, na Selipher akashangaa kujikuta analitamani.

Mama Kabira, kama wafanyakazi wanavyomwita mama mzaa bosi, alikuwa Mfaransa. Jina lake Odile. Alisema Kiarabu cha Jeddah kwa sauti ya puani, na Kiingereza cha kuombea maji. Sebuleni kulikuwa na piano nyeusi iliyofunikwa shuka, na juu yake vikombe vya kahawa visivyotumika. Selipher aliyaona hayo, akapangusa vumbi, hakuuliza.

Historia ya mama yule aliipata vipande vipande, akimkanda mguu. Odile alizaliwa kwenye mji wa machimbo ya makaa, baba yake akipiga kodiani harusini. Akiwa msichana alikwenda Paris, akapiga piano kwenye vilabu ambavyo watu walikuja kunywa, si kusikiliza. Huko akaanza kutunga. Alikuwa na mwenzake, Lucien, aliyeandika maneno. Odile alitunga muziki. Waimbaji wenye majina walizichukua nyimbo zao, na kwa miaka kadhaa ikawa hawezi kupanda treni asimsikie mtu akipiga mluzi wimbo wake. Hakuna aliyemjua kwa sura. Alikaa kitini kama abiria yeyote.

Halafu vijana wakataka magitaa. Lucien akaacha kupiga simu. Odile akakutana na mwanafunzi wa uhandisi kutoka Jeddah, mtu mpole, wakaoana, akaja naye. Walianza kuishi Balad, mji wa kale wa Jeddah, kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe, na piano ikaja kwa meli. Unyevu wa bahari uliiharibu sauti, na fundi wa kuirekebisha hakupatikana.

Selipher alimuuliza kama mume ndiye aliyemkataza kutunga.

"Hakunikataza mtu," Odile alisema. "Nyimbo ziliacha kuja. Wimbo hauimbiwi ukuta, binti."

Ikapita miezi. Mchana mmoja Selipher alikuwa akipiga pasi, akiimba chini chini wimbo wa kwaya ya kwao Mbale, kule Vihiga, ambako aliimba sauti ya pili. Hakujua kwamba mlango uko wazi. Aliposikia fimbo ya Odile ikigonga sakafu alinyamaza, akitarajia kukemewa. Odile alipita bila kumtazama, akavuta shuka, vikombe vikaanguka, akaketi. Alitafuta ule wimbo kwa kidole kimoja, kisha kwa mikono yote. Noti nyingine zilikuwa zimekufa kabisa. Aliziruka kama mtu anayeruka madimbwi.

"Yalla," alisema. "Rudia."

Tangu siku hiyo kila alasiri walikaa pale. Odile alichoka na nyimbo za kanisa haraka, akataka Selipher aseme jambo lake mwenyewe. Selipher alisema hana jambo. Mzee akangoja. Mwishowe Selipher akamweleza kuhusu mwanawe, Ian, aliyemwacha kwa dada yake Lois akiwa bado ananyonya. Sasa Ian alimwita Lois mama. Alipopigiwa simu ya video alitazama kidogo, kisha akakimbilia nje, na Lois akabaki kuomba radhi kwa niaba yake.

"Tuimbe kwamba namkumbuka," Selipher alisema.

Odile akakataa. Kila mtu anakumbuka, alisema. Neno hilo limechoka. Akamuuliza: mtoto akichelewa kurudi, kwenu mama hufanya nini? Selipher akafikiri, akasema humwekea chakula, akakifunika kwa sahani nyingine.

"Halas, imetosha. Huo ndio wimbo."

Maneno yalimtoka Selipher kwa shida, na Odile aliyapima kwa sikio tu, bila kuelewa hata moja. Lile refu mno alilikataa kwa kutikisa kichwa. Yalipokaa sawa yalianza hivi:

*Nimekufunikia chakula, sahani juu ya sahani,*
*ukija kama ni giza, papasa, kimo ndani.*

Siku wimbo ulipokamilika, Odile alifunga piano, akabaki ameweka viganja juu ya mfuniko. Alisema hajatunga tangu Nabil azaliwe. Hakuonekana mwenye furaha. Alionekana kama mtu aliyerudi safari, akakuta wote ambao angewasimulia safari hiyo wamekufa.

Selipher alimwimbia Ian kwenye simu. Ian alisikiliza ubeti mmoja, akamuuliza Lois huyu ni nani anaimba. Kisha akaomba katuni.

Baada ya mfungo Odile alipata homa ya mapafu, na Nabil akamchukua kwenda hospitali Riyadh. Selipher aliachwa alinde nyumba. Aliendelea kupika chakula cha watu wawili kwa mazoea, akala sahani moja, akamwaga ya pili. Habari ya kifo aliipata kwa Naftali, kwenye simu, mama akiwa ameshazikwa huko huko.

Nabil alikuja Jeddah kuifunga nyumba. Alimkuta Selipher akifunga vyombo kwenye maboksi, akamwambia kwamba mtu wa redio kutoka Ufaransa anatayarisha kipindi kuhusu mama yake. Aliuliza, kama kwa kupitisha muda, iwapo mama aliwahi kuigusa piano.

"Ndiyo, baba. Tulitunga wimbo."

Nabil aliketi kwenye ngazi. Alimwomba auimbe, naye akauimba akiwa amesimama, kitambaa cha kufutia sahani mkononi. Alipomaliza, Nabil aliuliza maana ya maneno, akaelezwa.

"Sisi hakutuimbia," alisema. "Tulipokuwa watoto alikuwa akitufungia mlango."

Alimwomba aimbe tena, akamrekodi kwa simu yake.

Yule mtu wa redio, alipotumiwa rekodi hiyo, alijibu kwa adabu kwamba kipindi chake kinahusu nyimbo za zamani, za wakati wa Paris, na huu hauingii humo. Selipher alikuwa amesharudishwa Riyadh; Nabil alimwambia hayo jikoni, akiwa wima, funguo mkononi. Selipher alisema sawa, baba, akaendelea kukatakata vitunguu. Watoto walikuwa wakimwita kutoka juu, mmoja anataka maji, mwingine soksi.

Jioni hiyo, akimwaga takataka nje, alimwona Nabil ndani ya gari lililozimwa, vioo vimepandishwa, kichwa amekilaza kwenye usukani. Kama alikuwa anasikiliza kitu, Selipher hakuweza kusikia. Alifunika pipa taratibu, asimshtue, akarudi ndani.