Picha Miguu Juu

Siku Baba alipozikwa, kompyuta ya sebuleni nayo ilikata mtandao. Waombolezaji walikuwa bado wamejaa uani. Binti yake alitaka kuwatumia ndugu wa mbali picha za mazishi, lakini kila ukurasa aliofungua ulimletea maneno yaleyale: proksi haijibu. Simu za watu zilikuwa zinapata mtandao bila shida, kwa rauta ileile, sebule ileile.

"Imefiwa," jirani mmoja alisema. "Iacheni ipumzike."

Mjomba, kaka yake Mama, hakuwa mtu wa kuacha kitu kipumzike. "Hivi ni virusi. Jumamosi nakuja na flashi yangu. Nafuta kila kitu, tunaanza upya."

"Na sauti za Baba?"

Baba, fundi mstaafu wa mitambo ya simu, alikuwa na mazoea ya kujaribu maikrofoni kwa kujirekodi: "Moja, mbili, tatu, shemeji ana kitambi." Hapo tu ndipo sauti yake ilipokuwa imebaki.

"Tuzinakili kwanza, Mjomba."

"Ukinakili, unanakili na virusi. La kuvunda halina ubani, mwanangu."

Wa kubishana na Mjomba alikuwa hajazaliwa. Marehemu peke yake ndiye aliyemweza, tena kwa upole. Kila Jumamosi Mjomba alipoketi kusoma habari za mpira, picha zote zilipinduka: wachezaji miguu juu, makocha vichwa chini. Alisoma shingo imempinda kama kuku aliyesikia mwewe. "Kompyuta hii haipendi watu wanaopayuka, shemeji," Baba alimwambia, uso mkavu kama ubao.

Jumamosi asubuhi, binti akamuwahi Mjomba. Alifungua mipangilio ya mtandao, akakuta tiki penye proksi. Kumbe kompyuta haikuwa ikienda mtandaoni yenyewe. Ilipitia kwanza kwa mashine nyingine, kama mtu anayetuma mjumbe. Akaondoa tiki, kurasa zikafunguka. Angeweza kuishia hapo. Lakini anwani ya mjumbe huyo ilikuwa ya humu humu nyumbani.

Akafuata waya kutoka kwenye rauta, ukapita nyuma ya kabati, ukamfikisha stoo. Nyuma ya makopo ya rangi kulikuwa na kompyuta kongwe isiyo na skrini, plagi yake imelala sakafuni. Kwenye soketi lilikuwa limechomekwa birika kubwa la chai ya msiba.

"Nani alichomeka birika hapa?"

"Mimi," Mama akajibu kutoka mlangoni. "Jikoni palijaa watu. Kwani nimeua nini?"

Binti akarudisha plagi. Mashine ikakoroma kama mzee aliyeamshwa. Akairudisha na ile tiki pia, kwa kuwa Baba ndiye aliyeiweka. Kurasa zikafunguka vilevile.

Mjomba aliingia alasiri, flashi mkononi.

"Imepona, Mjomba."

"Daktari nani?"

Akaketi, akafungua habari za mpira. Golikipa akatokea ananing'inia kama popo.

"Unaona! Vimerudi na ndugu zao. Sogea, nafuta."

"Mjomba, tafadhali!" Binti akamshika mkono. Flashi ilikuwa tayari inatafuta tundu.

Nyuma yao Mama akaangua kicheko, cha kwanza tangu msiba.

"Kaka, toa mkono. Ikifika saa kumi zitasimama zenyewe."

"Umejuaje?"

"Kwani kila Jumamosi saa kumi, si mimi niliyekuwa nakuita chai? Ukirudi ziko sawa, shemeji yako anakwambia macho yako ndiyo mabovu."

Mjomba akamtazama dada yake, akamtazama golikipa.

"Nimebadilisha miwani mara mbili!"

"Tunajua." Mama alikuwa anafuta machozi, akicheka bado. "Mashine yenyewe ya kukupindulia picha tu sikujua kaificha wapi. Kumbe nimemzimia mwenyewe, kwa birika."

Wakasubiri wote watatu. Saa kumi, Mjomba akafungua ukurasa upya, na golikipa akasimama kwa miguu yake. Mjomba akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mjanja yule," akasema. Kisha akampa binti flashi. "Nitilie ile ya kitambi."

Mashine ya stoo haizimwi. Jumamosi Mjomba huja, huketi mbele ya kompyuta na kupinda shingo mpaka aitwe chai. Birika linachomekwa jikoni.