Mkono Uliotangulia

Mazoea yana taabu, na taabu ya Upepo ilikuwa kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Ndivyo vilivyompa jina. Enzi zake sokoni vilikuwa vikiingia mfukoni mwa mtu na kutoka, na mwenyewe asihisi kitu zaidi ya upepo kupita.

Sasa alikuwa ameacha. Ameacha kweli, si kuacha kwa mdomo. Alifanya kazi kwa dobi, katika chumba cha nyuma chenye mvuke na harufu ya sabuni, na kazi yake ilikuwa kukagua mifuko ya nguo kabla hazijaloweshwa. Pete, funguo, miwani, barua za mapenzi, vyote vilipita mikononi mwake vikaishia kwenye bakuli la bati mezani kwa tajiri wake. Hakikupotea hata kifungo.

"Nimemkabidhi fisi bucha," Mzee Dobi alipenda kuwaambia wateja, "na nyama haipungui!"

Wateja walicheka. Upepo naye alicheka, huku moyo ukimvimba kwa fahari. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumsifu kwa jambo ambalo hakulifanya.

Aliyemwombea kazi hiyo alikuwa mama yake. Na leo mama yake alikuwa ndani ya jeneza sebuleni kwa dada yake Upepo, viti vimetolewa nje, kapeti limekunjwa na kuegemezwa ukutani.

Watu husema mwizi huacha kwa sababu ya jela. Jela Upepo aliijua, na alitoka humo na marafiki wapya. Kilichomwachisha ni asubuhi moja sokoni, mwizi mwenzake aliyeitwa Kijiti aliponaswa na umati. Mawe, matofali, miguu. Upepo alisimama ng'ambo ya barabara, hakuvuka. Umati ulipotawanyika akamwona mama yake anakuja mbio, khanga inamburuzika, maana habari zilimfikia kwamba ni mwanawe. Mama akapiga magoti, akakigeuza kile kichwa kilichopondeka, akakifuta damu kwa ncha ya khanga, akautafuta uso wa mtoto wake ndani ya uso usiokuwepo tena. Akalitazama sikio. Halikuwa la mwanawe. Akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akaziba mdomo kwa aibu, kwa kuwa na huyu alikuwa na mama.

Tangu siku ile Upepo hakugusa mfuko wa nguo iliyo mwilini mwa mtu.

Waombolezaji waliingia mmoja mmoja kumkumbatia. Poleni. Poleni sana. Jikaze, kaka. Upepo alilia bila kificho, kamasi na machozi. Mzee Dobi naye akaja, amevaa koti lake la shughuli, akamvutia kifuani.

"Pole, mwanangu. Mama yako alikuwa mtu. Alikusimamia."

Upepo akalia zaidi. Mzee alipomwachia na kwenda kukaa, Upepo alihisi kitu laini na baridi kiganjani.

Simu ya mzee.

Hakuamua. Hilo ndilo lililomkata maini. Machozi yalikuwa ya kweli, uchungu ulikuwa wa kweli, na chini yake mkono ulikuwa kazini. Katika ufundi ule, mtu anayekukumbatia ni mlango ulioachwa wazi, na mkono haukujali nani kafa.

Mtu mmoja tu aliona. Nyuma yake, sauti ikamnong'oneza:

"Hujachuja, bwana. Kwenye msiba wa mama yako! Hata mimi nisingethubutu."

Alikuwa Kikwazo. Zamani wawili hao walikuwa mkono na mfuko. Kikwazo alijikwaa mbele ya mtu, Upepo akachomoa, na kabla mwenye mali hajamaliza kutukana, kitu kilishahamia kwa Kikwazo. Ndiyo maana Upepo alipopekuliwa hakuwa na kitu. Na sasa kiganja cha Kikwazo kilikuwa kiunoni pake, kimefunguka, kinasubiri, kama zamani.

"Lete. Naondoka nayo. Hakuna atakayejua."

"Toa mkono wako."

"Utaipeleka wapi, mjinga? Ukikutwa nayo hapa, hawa watakuzika na mama yako shimo moja."

Upepo akaenda alipoketi mzee. Alitaka kuirudisha alikoitoa. Akainama kana kwamba anamwekea maji miguuni, vidole vikaukaribia mfuko wa koti, vikaishia ukingoni. Vilisomea kutoa. Kurudisha havikufundishwa na mtu.

"Unataka nini, mwanangu?" Mzee aliinua macho.

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: simu yako imeanguka, mzee. Jepesi, tamu, na kila mtu angeamini. Wangemsifu hata. Lakini Upepo aliujua mkono wake kama mtu anavyomjua mbwa mkali wa kwao. Ukiudanganyia leo, kesho utakwenda tena, ukijua mdomo upo nyuma kuusafishia njia.

"Nimekuibia, mzee."

"Nini?"

"Simu yako. Uliponikumbatia. Sikukusudia, lakini nimeiba." Akainyoosha mbele ya watu wote.

Kilio kilikatika kama kilichozimwa kwa swichi. Kisha minong'ono. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wanaume wakapapasa mifuko yao. Wanawake wakaibana mikoba kwapani. Kikwazo alikuwa wa kwanza kupapasa, kwa madaha, na wa kwanza kutikisa kichwa kwa masikitiko.

Shemeji yake, mume wa dada, akasimama. "Nilisema mimi! Nilisema au sikusema? Wa kuvunda hana ubani. Toka nyumbani kwangu!"

"Kaa chini," dada akasema. Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Mke wangu, huyu..."

"Nimesema kaa. Mama hajatoka humu ndani." Kisha akamgeukia Upepo, akamtazama kwa muda, na katika macho yale hapakuwa na huruma wala chuki. Palikuwa na uchovu tu. "Na wewe. Hata leo?"

Mzee Dobi aliipokea simu, akaipangusa kwa leso taratibu, pande zote mbili, akaitia mfuko wa ndani na kufunga koti hadi kifungo cha juu.

Muda wa kutoka ulipofika, Upepo akashika pembe ya mbele ya jeneza. Hakuna aliyesogea kushika pembe za karibu naye. Jeneza likabaki chini, watu wanatazamana. Ni Kikwazo aliyejitokeza, akamwinamia sikioni.

"Unaona? Hao ndio watu wako wema. Mimi ndiye nitakayekusaidia kumbeba mama. Daima nipo."

"Ondoka."

"Upepo..."

"Usimguse mama yangu!"

Dada akamsukuma mumewe mgongoni. Shemeji akaja akinung'unika, akashika pembe ya nyuma, na wengine wawili wakafuata kwa haya. Jeneza likapanda mabegani. Njia nzima lilienda upande, kwa sababu shemeji alilibeba kwa mkono mmoja. Wa pili aliuweka mfukoni, juu ya pochi yake.

Kaburi lilipofukiwa, Mzee Dobi alimpita Upepo, akasimama bila kumtazama.

"Jumatatu uje kazini."

"Asante, mzee."

"Utakamua. Mashuka na mablanketi. Mifuko nitampa mwingine."

Afadhali angemfukuza.

"Nitakuja," akasema.

Mzee akaondoka, mkono mmoja umelala juu ya koti, upande wa moyo, ilipo simu.