Jicho la Kulia la Shangazi

Sikuwa na meno matatu ya mbele, sikuwa na mke tangu mwaka juzi, sikuwa na simu ya kupangusa kwa kidole, na cheti cha kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya usiku nikiwa na miaka arobaini na tisa. Zaidi ya hayo, sikuwa na imani na daktari wa mifugo aliyenipa maji ya rangi ya chai nimtie paka wangu machoni.

Paka huyo anaitwa Shangazi. Marehemu mke wangu alimpa jina hilo kwa sababu akiingia chumbani hukagua kwanza, ndipo akaketi. Sasa macho yake yote mawili yalikuwa mekundu, yamejaa tongo, na la kulia lilikuwa na kidonda kidogo kwenye kioo chake.

"Hii ni ayodini, Mzee," daktari alisema. Binti mdogo, rika la wajukuu zangu. "Imezimuliwa sana, ya macho hasa. Inaua vijidudu."

"Ile ya kupaka magoti?"

"Ukoo mmoja, ila ile ya magoti usithubutu. Utamuunguza."

"Na antibiotiki?"

"Tumezitumia ovyo mpaka vijidudu vingine vimezizoea. Inapowezekana tunaanza na hii. Siku tano, umrudishe."

Nikatupia jicho kabati lake. Rafu mbili zilikuwa tupu. Nimetengeneza saa miaka arobaini na mmoja, na najua fundi aliyeishiwa vipuri anavyozungumza: hasemi hana, husema hakihitajiki.

Nyumbani nilikuwa na tyubu ya dawa niliyobakiza nilipotolewa mtoto wa jicho. Saa mbili zikibishana, mimi huziweka mezani sambamba nikazipima. Basi jicho la kushoto nikamwachia daktari na maji yake. La kulia, lililoumia zaidi, nikalichukua mimi na tyubu yangu.

"Baba, mbona dawa yako iko nje?" binti yangu aliuliza siku ya tatu.

"Macho yananiwasha."

"Yako au ya paka?"

"Umeajiriwa polisi lini?"

"Nauliza tu. Maana Shangazi ananikodolea jicho moja kama shahidi aliyetishwa."

Siku ya tano jicho la kushoto lilikuwa safi kabisa. La kulia lilikuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Daktari aliinama akalitazama kwa taa yake, kisha akanitazama mimi kwa muda uleule.

"Umemtia kitu kingine?"

"Nimemtia ulichonipa."

"Dawa moja, macho mawili, majibu mawili. Sielewi. Kidonda kinachimba, Mzee. Kuna dawa za kupunguza uvimbe ambazo huchochea kidonda kama hiki, na angekuwa amepata mojawapo, ningeizuia kwanza nikasubiri. Kwa kuwa hajapata, abaki hapa. Kesho asubuhi nitalitoa jicho."

Nikaondoka na kikapu kitupu. Nilipofika nyumbani nilivaa lenzi yangu ya kazi, nikaisoma ile tyubu herufi kwa herufi. Dawa zilikuwa mbili ndani yake. Ya kwanza antibiotiki. Ya pili, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa: ya kupunguza uvimbe.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. "Nimpigie daktari?"

"Mpigie. Mwambie barua inakuja, asishike kisu kabla hajaisoma. Mengine niachie."

Kinywa changu kilikuwa kimeshamdanganya yule daktari uso kwa uso, wala sikukiamini tena. Nikaandika kwa mkono:

"Daktari, nilikudanganya. Jicho la kulia halikupata tone hata moja la dawa yako. Nililipaka dawa yangu mwenyewe mara tatu kwa siku, siku zote tano. Majina ya dawa zote mbili nimeyanakili hapa chini kama yalivyo. Nilidhani unanificha kitu. Tafadhali usilitoe bado."

Nikatia sahihi yangu kamili. Nikalamba bahasha, nikaibana kwa kiganja mpaka ikashika, nikampa dereva wa pikipiki nikamwambia asisimame popote.