Pole ya Mwanabibi

Miaka ile ya ruksa, maduka yalipojaa sabuni hadi watu wakasahau foleni, Mwanabibi wa kijiji cha Mbaha, kando ya ziwa, ambaye wengi walimwita Mama Sumaiya, alikuwa na vitu viwili vilivyojulikana ufukwe mzima: redio kaseti ya spika mbili, na mdomo. Redio aliweza kuizima.

Ndiye aliyetoa stoo ya nyuma ya duka lake iwe kliniki. Kabla ya hapo wajawazito walipanda milima kwa miguu kutafuta vipimo. Sasa Nesi Gertrude alikuja na boti kila mwezi. Mwanabibi alisema ametoa chumba kwa ajili ya Mungu. Ni kweli. Ila stoo na duka vilitengwa kwa mbao tu, na yeye hakupenda habari zimpite ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mwezi wa kwanza watu walijaa. Wa pili, benchi tupu.

"Mama Sumaiya," alisema Nesi Gertrude akifunga sanduku la dawa, "mwezi ujao ikiwa hivi, boti haitasimama hapa tena."

Mwanabibi alimwendea jirani yake Hildegardi, aliyekuwa akigeuza dagaa wa usipa juani.

"Wenzangu mna nini? Dawa zimewafuata mlangoni mnazikimbia!"

"Nani alimwambia Mzee Placidi 'pole na ngiri' katikati ya mnada?"

"Mgonjwa hapewi pole?"

"Mgonjwa aliyekuambia, dada. Yeye alimwambia nesi."

Mwanabibi akarudi dukani, na njiani akakiri moyoni kwamba jirani hakukosea. Maana hata yeye kichwa kilimgonga wiki nzima, miguu imevimba, nesi yuko hatua chache, na hakuingia. Kisa? Hildegardi alikuwa dukani ananunua chumvi, angesikia yote.

Boti iliporudi, aliweka redio juu ya kaunta, spika zikiutazama ukuta wa mbao, akafungulia taarabu mpaka mikebe ya maziwa ikatetemeka. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwaambia: "Njooni, mimi nitakuwa kiziwi." Wakaja kwanza kuona kama inawezekana. Mzee Placidi akaingia, akatoka, na Mwanabibi hakupata hata neno. Aliteseka kama aliyefunga huku anapika pilau.

Benchi lilipobaki na watu wachache, Nesi Gertrude akachungulia. "Mama Sumaiya, na wewe njoo."

Akaingia. Mkono ukafungwa kipimo. Nesi akavuta pumzi aseme, na hapo hapo taarabu ikaanza kushuka, taratibu, mpaka ikanyamaza kabisa.

"Presha yako iko juu sana, mama. Vidonge kila siku, na chumvi upunguze."

Alipotoka, Hildegardi bado alikuwa na kidole kwenye kitufe cha redio, na benchi zima likasema kwa sauti moja:

"Pole na presha, Mama Sumaiya!"

Alitaka kukasirika. Akakumbuka ni nani aliyewafundisha.

"Nimeshapoa," akaitikia. "Haya, fungulia redio, kuna mwenzetu anaingia."